Jiwe Lililompiga Jembe

Ujumbe huu hauna baraka ya siku saba ndani yake. Ukiutuma kwa watu kumi hutapata habari njema kesho asubuhi, na ukiufuta hakuna baya litakalokupata. Nimeuandika kwa sababu nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira yenyewe inanihusu mimi. Usome mpaka mwisho, kisha umtumie yule mtu wa kwenye kundi lenu anayependa kuandika "achomwe tu".

Mji siutaji. Ni senta ya kawaida, ina mashine mbili za kukoboa mpunga, zahanati moja, msikiti, makanisa matatu na banda moja la video. Wenyeji mtautambua. Mkiutambua nyamazeni, maana kunyamaza tunakuweza sana.

Banda la video ni la Sospeter, lakini hakuna anayemwita hivyo. Sote tunamwita Dijei. Kazi yake ni kutafsiri filamu. Kwa wasiojua, inakuwa hivi: picha inacheza kwenye televisheni, sauti yake anaipunguza, halafu yeye anashika kipaza sauti na kuwaambia watazamaji kwa Kiswahili nani anasema nini. Waigizaji anawapa majina ya kwetu. Anatia utani, anamtaja hata muuza karanga aliyekaa nyuma. Watu hawaendi kuangalia filamu pale. Wanakwenda kumsikiliza Dijei.

Isipokuwa mtu mmoja. Minza ni mshona magunia wa mashine ya juu. Hasikii tangu utotoni, wala hasemi. Kila siku saa tisa alasiri alikuwa anaweka chini sindano yake kubwa, anajipangusa pumba, anakwenda kukaa benchi la mbele kabisa. Sisi tulimwita Bubu. Jina lake tulilijua, ila hatukulitumia.

Tulimcheka. "Huyu anaangalia nini wakati hata hasikii?" Utani ulikuwa huohuo kila siku, na kila siku watu walicheka kana kwamba umetungwa asubuhi ile.

Basi ikaja filamu moja ya wale mashujaa wenye nguvu kupita binadamu. Shujaa anaruka angani, anainua basi kwa mkono mmoja, risasi zinamgonga na kudondoka chini. Nguvu zake zote ziko kwenye kinyago anachovaa usoni. Dijei akampa jina la Jembe. Adui yake, mtu mwenye jicho moja, akamwita Jicho.

Jicho anabomoa bwawa na mji mzima unazama. Watu wengi wanakufa. Mwishoni Jembe anamkamata, na wananchi waliobaki wanakuja na mawe na nondo wamalizane naye. Wewe unayeangalia unasubiri Jembe amkabidhi. Jembe hafanyi hivyo. Anavua kinyago, anakiweka chini, anampa Jicho mgongo na kuwageukia watu. Ananyoosha mikono yote miwili. Anawaambia, "Kama lazima mpige, nipigeni mimi."

Na wanampiga. Hana kinyago, kwa hiyo anakufa kama mtu mwingine yeyote. Siku ya tatu jiwe la kaburi lake linaonekana limesogea, na filamu inaishia hapo.

Nimejuaje yote haya? Mimi nilikuwa katibu wa Kamati ya Maadili. Senta yetu ilikuwa na kamati hiyo, na ilikuwa na utaratibu kwamba filamu yoyote yenye mambo ya dini lazima kamati iione kwanza. Tulikuwa watu sita: Mchungaji, Shehe, katekista, mwenyekiti wa kitongoji, mama mmoja wa kikundi cha akina mama, na mimi mwalimu mstaafu niliyeshika daftari. Tulifungiwa bandani asubuhi moja tukaiangalia yote, Dijei akitutafsiria neno kwa neno, bila utani.

Ilipoisha, Mchungaji alikuwa wa kwanza.

"Hii haiwezi kuonyeshwa. Hapo mwishoni wamechukua nafasi ya Bwana wetu wakampa mwigizaji aliyevaa nguo za kubana."

"Hapo tuko pamoja," akasema Shehe. "Kiumbe anapewa yasiyo ya kiumbe. Vijana watachanganyikiwa."

Mama wa kikundi akasema kuna mwanamke ndani ya filamu ana gauni lililo wazi mgongoni. Niliandika. Lile gauni likawa kosa namba moja. Mikono iliyonyooshwa ikawa kosa namba mbili, na kaburi kosa namba tatu.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Katika filamu ile wanakufa watu wengi. Wanachomwa, wanakatwa, wanatupwa kutoka ghorofani. Nina daftari lile mpaka leo, na hakuna mstari hata mmoja unaotaja mauaji. Tulikaa saa mbili na nusu tukibishania mahali ambapo mtu anamsamehe mwenzake. Sisi, watu wa dini. Mchungaji ambaye kila Jumapili anahubiri msamaha mpaka anatoka jasho. Shehe ambaye hafungui kinywa kabla ya kulitaja jina la Mwenye kurehemu. Na mimi niliyefundisha watoto wa senta ile kwa miaka thelathini na moja.

"Kata hicho kipande cha mwisho," mwenyekiti akamwambia Dijei.

"Mzee, picha siwezi kukata, sina mashine hiyo. Maneno naweza."

"Maneno vipi?"

"Naweza kusema kitu kingine."

Tukatazamana. Tukaona ni jambo la busara. Kikao kikamtungia Dijei maneno, na mwandiko ni wangu. Jembe akinyoosha mikono, Dijei atasema Jembe anawaambia wananchi: "Huyu nimewaletea ninyi. Uchafu hausamehewi, uchafu unafagiliwa." Mawe yakianza kurushwa, atasema yanampiga Jicho. Jembe akianguka, atasema ameishiwa nguvu kwa uchovu. Na lile kaburi litakuwa la Jicho, watu wamekwenda kuhakikisha kwamba amekufa kweli.

Dijei aliisoma karatasi mara mbili.

"Lakini watu wana macho, Mwalimu," akaniambia.

Nikamjibu, na jibu langu nalikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Nilimwambia, "Wewe ongea kwa sauti kubwa tu."

Akaongea kwa sauti kubwa. Filamu ile ilijaza banda wiki sita mfululizo. Watu walisimama nje wakachungulia kwenye matundu ya turubai. Na jambo la kushangaza ni kwamba Dijei aliogopa bure. Jiwe lilimpiga Jembe kifuani, mbele ya macho ya watu mia, damu ikatoka, Jembe akapiga magoti. Sauti ikasema limempiga Jicho. Banda zima likashangilia kwamba Jicho kapigwa. Waliona kwa macho yao, na wakaamini kipaza sauti.

Minza alikuwa benchi la mbele siku zote hizo. Hakuwahi kushangilia pale. Watu walidhani ni kwa sababu hasikii.

Yale maneno yakatoka bandani yakaingia mitaani. "Uchafu unafagiliwa." Waliyaandika nyuma ya bodaboda. Akina mama waliyatumia wakigombana kisimani. Wachezaji wa timu ya senta waliyaimba walipoifunga timu ya ng'ambo ya mto. Mchungaji mwenyewe aliyatia kwenye mahubiri siku moja, kanisa likacheka, naye akacheka. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Nilijisikia vizuri, niseme ukweli. Maneno yangu yalikuwa yamependwa.

Halafu betri ya zahanati ikaibiwa.

Ile betri ya sola ndiyo iliyokuwa inawasha taa za chumba cha kujifungulia na friji la chanjo. Ilipoondoka, chanjo zikaharibika, na mama mmoja akajifungua huku nesi ameshika tochi ya simu kwa meno. Mtoto alipona, mama alipona, lakini ilikuwa bahati tu. Nayasema haya ili usidhani hasira ya watu haikuwa na sababu. Sababu ilikuwepo, na ilikuwa kubwa.

Siku ya tatu yake, Jumamosi ya soko, saa nane mchana, wapakiaji wa mashine ya juu walikwenda kuzoa pumba kwa ajili ya mfuga kuku mmoja. Wakaikuta betri imefukiwa kwenye rundo la pumba. Na mtu aliyekuwa analala kwenye kibanda cha pale nyuma alikuwa mmoja tu: Masele, mbeba magunia.

Masele alijaribu kukimbia. Hakufika mbali.

Walimburuta mpaka uwanjani mbele ya mashine. Nilitoka dukani nikakuta ameshakalishwa chini, shati limechanika, sikio linatoka damu. Watu walikuwa kama mia mbili. Redioni hupenda kusema "wananchi wenye hasira kali". Niliziona zile nyuso, sikuona hasira kali. Watu walikuwa wanacheka. Kuna mtu alikuwa anauza maji baridi katikati ya kundi.

Kisha mmoja akaanza, na wote wakaitikia kwa kupiga makofi: "Uchafu. Unafagiliwa. Uchafu. Unafagiliwa."

Niliyasikia maneno yangu yakitoka kwenye vinywa mia mbili.

Tairi bovu lilikuwa limeshaletwa, na mtu mmoja alikuwa anakuja na chupa ya petroli ameibana kwapani. Kituo cha polisi kiko kilomita kumi na nne. Mchungaji alikuwa amesimama kwenye baraza ya duka la dawa, hatua kama thelathini. Shehe alikuwa kwa kinyozi, nusu ya ndevu imenyolewa, ametoka mlangoni na kitambaa shingoni. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa anaongea na simu, na mpaka leo sijui alikuwa anaongea na nani. Dijei alikuwa ndani ya kundi. Sote tuliujua mwisho wa kweli wa filamu ile. Hakuna aliyefungua mdomo.

Mimi nilikuwa nimeshika kipande cha tofali. Nimekaa na sentensi hii muda mrefu kabla ya kuiandika. Sikumbuki nilikiokota saa ngapi. Nakumbuka kilikuwa kizito na kwamba nilikuwa natafuta nafasi nzuri ya kusimama.

Wakati huo Minza alikuwa kwenye magunia yake, amewapa watu mgongo. Hakusikia kelele. Aligeuka kwa sababu nyuzi zilimwishia, akaona.

Alichomeka sindano kwenye gunia, akaja. Hakukimbia. Alipita katikati ya watu akiwasogeza kwa kiwiko kama anavyofanya kila mtu sokoni, mpaka akafika kwa Masele. Akafungua kitambaa chake cha kichwani, akakikunja, akakiweka chini. Akampa Masele mgongo na kutugeukia sisi. Akanyoosha mikono yote miwili.

Kundi likaangua kicheko.

"Bubu anaigiza filamu," mtu akasema.

"Bubu, ondoka hapo, utaumia."

Masele alikuwa amejikunja nyuma ya miguu yake, ameshika pindo la kanga yake kwa vidole viwili.

Jiwe la kwanza lilirushwa na mtu wa nyuma ambaye nadhani alikuwa hajaona kilichokuwa kinaendelea mbele. Lilimpiga Minza hapa, kwenye mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Tulisikia mfupa ukilia. Alifumba macho, akayumba, akarudi palepale. Mkono wa kushoto ulikuwa hauinuki tena vizuri. Akaunyoosha hivyohivyo, nusu.

Kicheko kikakatika. Wale wa mbele walianza kutazamana. Yule mwenye chupa ya petroli akasimama hajui aende wapi.

Alikuwepo mtu mmoja mkubwa, mpakiaji, ndiye aliyeikuta betri. Akageuka, akamwona Dijei.

"Dijei, wewe si ndiye mtafsiri? Huyu anasema nini?"

Watu wakapisha. Dijei akajikuta mbele kabisa, na uwanja wote unamsubiri yeye. Alikuwa na namna yake ya kukohoa kabla ya kuanza filamu, na alikohoa vilevile. Kisha akaangalia chini.

"Si useme. Anasema nini?"

"Anasema," Dijei akaanza, na sauti yake haikuwa ile ya bandani, ilikuwa ndogo na ya kukwaruza. "Anasema, kama lazima mpige, nipigeni mimi."

"Hayo umeyatoa wapi? Hajatamka neno."

"Ni ya kwenye filamu. Pale Jembe anaponyoosha mikono."

"Wewe, tumeiona ile filamu mara ishirini. Jembe anasema uchafu unafagiliwa."

"Hasemi hivyo. Hajawahi kusema hivyo. Anasema nipigeni mimi, na wanampiga, na anakufa. Yale mawe yalikuwa yanampiga yeye. Mliyaona. Mimi ndiye niliyewaambia mengine."

Tukasikia injini ya mashine ya chini inanguruma kule bondeni.

"Nani alikutuma?" yule mpakiaji akauliza.

Dijei akainua macho. Akamtazama Mchungaji kwenye baraza ya duka la dawa. Akamtazama Shehe na kitambaa chake shingoni. Kisha akanitazama mimi, na mkono wangu, na kile kilichokuwa mkononi. Ilikuwa nafasi yangu. Nilitakiwa kusema maneno matatu tu, "Mwandiko ni wangu." Nimefundisha watoto kusema kweli kwa miaka thelathini na moja, na sikusema.

"Mdomo ni wangu," Dijei akasema. "Sijatumwa."

Yule mpakiaji akampiga kofi, Dijei akaanguka. Mtu mwingine akamkanyaga mkono. Kundi lilikuwa limeaibika, na watu walioaibika wanatafuta wa kumtwika aibu yao. Mawe yaliyoinuliwa kwa ajili ya Masele yakaanza kumgeukia Dijei.

Minza hakuwa amesikia hata neno moja la yale mazungumzo. Hakujua Dijei amekiri nini wala amemkosea nani. Aliona mtu mwingine yuko chini na watu wengine wameinua mikono, basi. Akapiga hatua mbili, akamshika Dijei kwenye ukosi kwa ule mkono wake mzima, akamvuta, akamweka nyuma yake pamoja na mwizi. Akanyoosha mikono tena.

Sasa walikuwa wawili nyuma yake. Naye ni mwanamke mfupi, mwembamba, ana pumba kwenye nyusi.

Sijui nani alikuwa wa kwanza kutupa jiwe chini. Nilisikia moja linadondoka, kisha jingine. Muuza maji akafunika ndoo yake. Tairi likabaki pale uwanjani mpaka Jumatatu, hakuna aliyetaka kuonekana analiondoa. Mchungaji aliingia ndani ya duka la dawa. Shehe alirudi kwa kinyozi, akakaa kitini, akainama akalia, kinyozi ndiye aliyeniambia. Angalau yeye alilia.

Na kama unasubiri nikuambie kwamba Masele alikuwa hana hatia, kwamba betri iliwekwa pale na mtu mwingine, tajiri fulani au mjumbe wa kamati, utasubiri sana. Hizo hadithi mmezizoea, zinawafariji. Masele aliiba. Alikiri mbele ya polisi na tena mahakamani. Alifungwa, ametoka, na sasa anafyatua matofali. Siyo mtu mzuri sana. Juzi nilimsikia anamtukana mama ntilie kwa sababu ya maharage. Lakini yuko hai na anatukana, na mkewe ana mume, na mimi si muuaji. Yote matatu yametokana na mtu tuliyemwita Bubu.

Betri ilirudishwa zahanati jioni ileile. Minza alikuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa chini ya taa ile. Mtulinga ulikuwa umevunjika. Kamati ya Maadili haijakutana tena, hakuna aliyeivunja, kila mmoja anaogopa kuitisha kikao kwa sababu itabidi tutazamane.

Baada ya wiki mbili nilikwenda kwao. Dada yake ndiye anayeielewa lugha yake ya mikono, nikamwomba anisaidie. Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi. Nilitaka kumuuliza alipata wapi ujasiri ule, kama ni imani, kama ni maombi, kama kuna aya aliyowahi kufundishwa. Nilitaka nipate kitu kizuri cha kuwasimulia watu.

Dada yake akamuuliza kwa mikono. Minza alinitazama, mkono umefungwa kwenye bandeji. Akajibu kwa ishara chache, kwa mkono mmoja, kisha akainama kuendelea kumenya viazi.

"Anasema aliona kwenye filamu ya Dijei," dada yake akaniambia. "Anasema ile filamu ndiyo ilikuwa inafundisha hivyo kila siku, na alikuwa anajua sote tumeielewa, maana tulikuwa tunarudi kila siku kuiangalia."

Nikainuka niage.

Minza akainua kichwa tena, akaongeza kitu. Dada yake akasita kunitafsiria.

"Niambie tu, mama."

"Samahani, Mwalimu. Anauliza, kwani ninyi mlikuwa mnaangalia nini?"

Funzo: Dini isiyokufanya usimame mbele ya mwenye hatia na kuupokea mkono ulioinuliwa juu yake ni kelele za spika tu, punguza sauti ya wanaokutafsiria, uangalie kwa macho yako jiwe linampiga nani, na kama limo mkononi mwako, lidondoshe kabla ya kumtumia mtu mwingine ujumbe huu.